Tambara chafu linavyomkosesha fundi seremala bei

MTEJA anayetaka kununua kabati au meza mara nyingi haanzi kwa kuuliza ni mbao gani iliyotumika. Hunyoosha mkono akapitisha kiganja juu ya ubao, na kiganja hicho kikikutana na chenga kama za mchanga, bei huanza kushuka kabla hata fundi hajaitaja.

Chenga hizo si kasoro ya mbao. Wala si lazima ziwe kasoro ya vanishi, ingawa mafundi wengi hukimbilia kuilaumu na kusema kuwa siku hizi vanishi zinachakachuliwa. Mara nyingi ni vumbi la msasa lililobaki juu ya ubao, au nyuzi za tambara lilelile lililotumika kulifuta vumbi hilo, vikafunikwa na vanishi na kuganda humo moja kwa moja.

Anayepita katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam, au zile zinazopanga vitanda na makochi kando ya Ngong Road jijini Nairobi, huona kazi ya mikono ya kujivunia. Fundi amechagua mbao iliyokauka, amepiga randa, viungo vimekaa sawasawa, na msasa umepita kuanzia ule mkali hadi ule laini. Kisha inafika dakika ya mwisho kabla ya vanishi, na kijana wa kazi anaambiwa afute. Anafuta kwa chochote kilicho karibu: shati kuukuu lililofutia grisi ya mashine asubuhi, kipande cha kiroba, sponji iliyobaki kwenye makochi, au kiganja chake chenye jasho.

Kwa maneno mengine, kazi ya siku nne inakabidhiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekichagua.

Sababu yake haiko mbali. Fundi anapomwandikia mteja makadirio, huorodhesha mbao, misumari, gundi, msasa, vanishi, thina, bawaba, kitasa na ufundi. Kitambaa hakimo. Kwa kuwa hakimo kwenye makadirio, hakina fedha, na kwa kuwa hakina fedha, kinaokotwa. Hapa ndipo penye kosa, na ndiyo maana suala hili ni la kibiashara kabla ya kuwa la kiufundi.

Hasara yake huonekana siku ya pili. Vanishi ikikauka na chenga, fundi analazimika kupiga msasa upya, kufuta tena na kupaka koti jingine. Hapo ametumia msasa ambao hakuuhesabu, vanishi ambayo hakuihesabu, na siku nzima ambayo mteja mwingine alikuwa akiisubiri. Akipiga msasa kwa haraka anaweza kutoboa koti la kwanza hadi kwenye mbao, na pale palipotobolewa pakabaki na doa la rangi tofauti. Asipopiga, anauza kitu chenye chenga kwa bei ya kitu chenye chenga. Kwa vyovyote vile, fedha iliyookolewa kwa kutonunua kitambaa imeshapotea mara kadhaa.

Jambo hili linauma zaidi pale mbao inapokuwa mninga au mvule. Mninga huchukua miongo mingi porini kufikia unene wa kupasuliwa mbao, pengine kuliko umri wa fundi anayeupiga randa. Kabati lililotengenezwa kwa mti kama huo likiwekwa dukani kando ya kabati la kutoka nje, lililotengenezwa kwa maranda yaliyoshindiliwa na gundi na kubandikwa karatasi laini yenye picha ya mbao, wateja si wachache wanaolipa fedha zaidi kwa lile la maranda. Huwa hawajadanganywa na muuzaji. Wamefuata kiganja chao, na kiganja kimewaambia kwamba lile la maranda ni laini.

Mkulima wa miti naye hayuko nje ya hesabu hii. Wakulima wa Mufindi na Njombe waliopanda mipaini, na wale wa Muheza na Morogoro waliopanda mitiki, wanalipwa kwa kadiri ya kile ambacho fundi anaweza kumudu, na fundi anamudu kwa kadiri ya bei anayoipata kwa samani. Bei ikikatwa mwishoni, hukatwa hadi shambani.

Kitambaa kinachofaa si kitu adimu. Ni pamba tupu, nyeupe au ya rangi iliyokwishapauka, iliyovaliwa na kufuliwa mara nyingi hadi ikamaliza kutoa nyuzi. Fulana kuukuu ya pamba, shuka lililochakaa na nepi za kitambaa za zamani ni bora kuliko kitambaa kipya cha dukani. Hata marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopata jina lake kwa sababu ya meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilizokileta Zanzibar katika karne ya 19, hakifai kutumika kikiwa kipya. Kina wanga wa kiwandani, na lazima kifuliwe kwa maji ya moto mara mbili au tatu kwanza.

Nyeupe ina sababu yake. Kitambaa cheupe humwonyesha fundi uchafu alioutoa, na kikipita bila kubeba kitu, amejua ubao umekuwa safi. Khanga yenye rangi kali haisemi lolote, na ikilowa thina inaweza kuachia rangi juu ya paini au mbao nyingine nyeupe, doa ambalo halitoki ila kwa randa.

Taulo halifai kwa kuwa vitanzi vyake hunasa kwenye vibanzi na kuacha nyuzi. Nguo yenye zipu, kifungo au mshono mnene itachora ubao. Nailoni na poliesta hazinyonyi. Husukuma vumbi kutoka kona moja hadi nyingine na kuliacha humohumo. Hata nguo iliyofuliwa kwa dawa za kulainisha na kunukisha si salama, maana dawa hizo huacha utando juu ya kitambaa, na utando huo ukihamia kwenye mbao huweza kuifanya vanishi isishike.

Mfanyabiashara au fundi asiyejua kama kitambaa ni pamba anaweza kukata kipande kidogo na kukichoma, nje na mbali na thina. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi. Mchanganyiko wa hivyo viwili, kama zilivyo sare nyingi za shule, huacha jivu lenye chembe ngumu ndani yake. Kipimo hiki hakina gharama zaidi ya njiti ya kiberiti.

Kufuta kwenyewe kuna utaratibu wake, na ndipo fundi mwenye kitambaa kizuri anapoweza bado kuharibu. Mbao zenye vitundu wazi, kama mninga na mvule, huficha vumbi ndani ya vitundu hivyo, kwa hiyo brashi laini itangulie kulitoa. Baada ya hapo kipite kitambaa kikavu, kwa kufuata nyuzi za mbao na si kwa kuzungusha. Kitambaa kikikunjwa mara mbili hupatikana nyuso nane za kufutia, na kila uso ukichafuka kigeuzwe. Fundi anayefuta meza nzima kwa uso mmoja anarudisha kwenye ubao wa mwisho kile alichokitoa kwenye ubao wa kwanza.

Kitambaa kikavu peke yake hakimalizi kazi. Kinahitajika cha pili kilicholoweshwa kidogo sana na kukamuliwa, na kilowevu chenyewe kitegemee vanishi itakayofuata. Kwa vanishi ya mafuta itumike tapentaini au spiriti nyeupe. Kwa vanishi ya maji itumike maji safi, ila ifahamike kwamba maji huinua vinyuzi vya mbao. Ubao uachwe ukauke, upigwe msasa laini mara moja kwa wepesi, na ufutwe tena. Kwa mtiki ambao una mafuta yake ya asili, mafundi wazoefu huufuta kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka, kwa sababu mafuta hayo yakiachwa juu huchelewesha vanishi kukauka au kuifanya ibanduke baadaye.

Uangalifu zaidi unahitajika baada ya sila, lile koti la kwanza la kuziba vitundu. Ikipigwa msasa hutoa unga mweupe, na unga huo ukibaki ndani ya vitundu vya mbao nyekundu, huonekana chini ya vanishi kama mba. Kabati za mninga zenye vidoa vyeupe ndani ya mistari ya mbao si chache madukani, na wenye nazo hudhani wamekosea kuchagua vanishi.

Cha mwisho ni kitambaa cha kunata, ambacho mafundi wengi nchini hawajakishika. Kwa asili ni shashi, kile kitambaa chepesi chenye matundu kama cha kufungia vidonda, kilichotiwa nta, utomvu au vanishi kidogo hadi kikawa kinanata bila kuacha kitu mkononi. Hupitishwa juu ya ubao kwa wepesi, bila kukandamizwa, dakika chache kabla ya kupaka, na hubeba vumbi ambalo jicho halikuliona.

Hakuna haja ya kuagiza kitambaa hicho kutoka nje. Kipande cha shashi au pamba laini iliyochakaa kinaloweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kinanyunyiziwa tapentaini na kukamuliwa tena, kisha kinatiwa vanishi ya mafuta kijiko kimoja au viwili na kukandwa kama unga hadi vanishi ienee pote. Kikining'inizwa kwa muda wa nusu saa hivi na kupoteza unyevu wa juu, kiko tayari. Kihifadhiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na kikianza kukauka kirudishiwe matone machache ya maji na tapentaini. Kisitumike kabla ya vanishi ya maji, kwa sababu mabaki yake ya mafuta huifanya ijikusanye na kuacha vishimo vya mviringo. Vishimo kama hivyo huonekana pia kwenye samani za zamani zinazopakwa upya, pale mwenye nyumba alipokuwa akizing'arisha kwa dawa za kupuliza zenye silikoni; hizo zifutwe kwa spiriti nyeupe na vitambaa vipya mara mbili au tatu kabla hata ya msasa, maana msasa ukitangulia huisukuma silikoni ndani.

Wapo mafundi wanaosema hayo yote ya nini, wakati kompresa ipo na upepo wake hupuliza vumbi kwa sekunde chache. Upepo ni mzuri kwa kona na nakshi, ambako kitambaa hakifiki. Lakini vumbi lililopulizwa halikutoweka. Limepanda hewani, na litashuka taratibu juu ya vanishi mbichi nusu saa baadaye. Kompresa isiyotunzwa hutema pia maji na mafuta pamoja na upepo. Zaidi ya hayo, vumbi lililo hewani huingia mapafuni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu katika chapisho lake la mwaka 1995. Vumbi lililonaswa na kitambaa halivutwi na mtu. Kwa karakana zilizo kando ya barabara ya vumbi, kunyunyiza maji sakafuni na kwenye njia ya kuingilia kabla ya kupaka husaidia kuliko mashine nyingi.

Yote hayo ni ya bei. Lipo jambo moja la tambara ambalo ni la karakana nzima, nalo huzungumzwa kidogo mno.

Mafuta ya kitani, yale yanayopakwa kwenye mbao ili kuinua rangi yake, pamoja na vanishi nyingi za mafuta, hayakauki kama maji yanavyokauka. Hukauka kwa kuungana na hewa, na muungano huo hutoa joto. Tambara lililotandazwa hupoteza joto hilo bila shida. Tambara lililofinyangwa na kutupwa pembeni pamoja na mengine hulitunza, joto huongeza kasi ya mafuta kuungana na hewa, na kasi hiyo huzalisha joto zaidi, hadi tambara linawaka lenyewe baada ya saa kadhaa, bila kiberiti, bila sigara na bila waya wa umeme. Pamba, ambayo ndiyo iliyosifiwa hapo juu, ina hatari hiyo kwa kiwango kikubwa, kwa sababu nyuzi zake hutandaza mafuta hayo kwenye eneo pana.

Februari 23, 1991, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 katika jiji la Philadelphia nchini Marekani lilishika moto ulioanzia ghorofa ya 22, kwenye matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakishughulikia mbao za ukutani. Moto uliwaka kwa zaidi ya saa 18 na askari watatu wa zimamoto walipoteza maisha. Jengo halikutumika tena, na mwaka 1999 lilibomolewa. Kama jengo refu lenye walinzi liliteketezwa na matambara, karakana ya mabanzi yenye chungu ya maranda na madebe ya thina haina cha kujivunia. Karakana inapoungua usiku, wa kwanza kulaumiwa ni umeme, na hakuna anayeuliza matambara ya jana yaliwekwa wapi.

Kinga yake ni nyepesi. Matambara yenye mafuta au vanishi ya mafuta yatandazwe nje moja moja, juu ya uzio au ardhi tupu, yasipandane, hadi yakakamae. Yale yasiyotandazwa yatiwe kwenye ndoo ya bati yenye maji na kifuniko. Yasiachwe chini ya benchi, wala kwenye mfuko wa nailoni, wala mfukoni mwa ovaroli lililotundikwa ukutani.

Kwa wafanyabiashara wadogo hapa kuna nafasi iliyoachwa wazi. Katika robota la mtumba hazikosekani fulana zilizotoboka au zenye madoa, ambazo muuzaji huishia kuzigawa au kuzitupa. Ulaya na Marekani nguo za namna hiyo hukatwa na kuuzwa viwandani kama vitambaa vya kufutia, na ni biashara kamili yenye wanunuzi wake. Anayezichagua zile za pamba tupu, akazifua bila dawa ya kulainisha, akakata mishono na vifungo, akazipakia kwa kilo na kuzipeleka Keko, anauza kitu ambacho fundi hana muda wa kukiandaa. Mafundi cherehani nao wana vipande, ila wavitenge: vya pamba pembeni, vya sare pembeni.

Kitambaa cha kunata kina mnyororo mrefu zaidi, na wote umo ndani ya nchi. Pamba hulimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa ya nyuzi zake husafirishwa nje bila kufumwa. Nta hutoka kwa wafuga nyuki wa Tabora, ambayo imeuzwa ng'ambo tangu enzi za Wajerumani. Mipaini ya Mufindi hugemwa utomvu. Kikundi chochote cha akina mama chenye sufuria, shashi na chupa zenye vifuniko kinaweza kuanza kwa kiwango kidogo, kikapeleka sampuli kwa mafundi watano na kusikia wanasemaje.

Nafasi hiyo haitajazwa iwapo fundi hatakuwa tayari kulipia kitambaa, na hatalipia iwapo hakimo kwenye makadirio yake. Kwa hiyo mstari uongezwe, chini ya msasa na juu ya vanishi: vitambaa vya kufutia, kilo kadhaa, shilingi kadhaa. Mteja anayelipia bawaba bila kunung'unika hatagombana kwa mstari huo, hasa akielezwa ni wa nini. Na vyuo vya VETA vinavyofundisha useremala vinaweza kuukamilisha kwa upande wao, kwa kuweka pamba nyeupe na ndoo ya bati yenye kifuniko kwenye orodha ya vifaa vya mwanafunzi, pamoja na randa, patasi na msumeno.